Miaka Kumi ya Mfalme Mtoto kwa Ghibu

Najua kwa ghibu miaka kumi ya ufalme ambao haunihusu ndewe wala sikio. Naijua kwa Kiingereza, lugha ambayo mpaka leo nikiwa mbele ya daktari naitembea kwa kuruka, kama mtu anayevuka matope kwa kukanyaga mawe. Lakini niulize mwaka wa nne wa mfalme yule kulitokea nini, nitakwambia bila kusita, kwa sentensi ndefu zenye maneno ambayo Waingereza ninaofanya nao kazi kiwandani hawajawahi kuyatamka maishani mwao.

Shule niliiacha kidato cha pili, Mombasa, mwaka aliofariki baba. Nilikuwa na miaka kumi na minne na mdogo wangu wa kike alikuwa na miwili. Niliingia ghala la mchele, nikabeba magunia mpaka shangazi wa upande wa baba, upande wa Wasomali, akatuvuta Uholanzi, na kutoka Uholanzi tukaja Birmingham kama walivyokuja wengi. Mama hakukaa sana. Alizikwa siku ya mvua nyembamba, mimi nikiwa na miaka kumi na tisa na mdogo wangu saba.

Jamaa waliketi sebuleni kwetu Saltley, viatu vimejaa mlangoni, wakajadili mtoto aende kwa nani. Mama mdogo, binamu yake mama, ni muuguzi na ana nyumba Great Barr yenye bustani mbele na nyuma. Alisema mtoto wa kike hawezi kulelewa na kijana ambaye hata ndevu hazijamjaa. Nilisema mtoto hatoki. Walinisema mengi, na neno lililobaki ni moja: kwamba sikumtaka mtoto, niliitaka nyumba, kwa sababu nyumba ilikuwa ya kaunsili, halmashauri ya jiji, na bila mtoto ningepewa notisi nihame. Neno hilo lilizunguka Alum Rock Road nzima na kunirudia likiwa limenona. Sikulijibu. Nilimwamsha mtoto asubuhi, nikamsuka nywele vibaya, nikampeleka shule, nikaenda kupiga bawaba za milango Aston. Nikafanya hivyo miaka kumi.

Sasa nieleze huyo mfalme alivyoingia nyumbani kwetu.

Mdogo wangu alipofika kidato cha sita, ambacho huku ni miaka miwili, alichagua historia, na mwaka wa kwanza ilimshinda. Si kwamba hakuwa na akili. Mambo yalikuwa hayakai kichwani. Asubuhi moja ya Oktoba, baada ya sala ya Alfajiri, alinikuta jikoni nikifunga chakula changu cha kazini, akaweka mezani karatasi nyingi zilizobanwa pamoja. Zilikuwa nakala za kivuli za mlango mmoja, yaani sura, wa kitabu kikubwa cha maktaba: miaka kumi ya mwanzo ya mfalme mmoja wa Uingereza ya kale, aliyevikwa taji akiwa na umri wa miaka kumi.

"Kaka, nisikilize hii," alisema. Alisema kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Kiswahili anakielewa chote, ila kukisema anaona haya. "Nisikilize kama ulivyonisikiliza Juzuu Amma."

Nakumbuka alivyosimama. Alikuwa amevaa soksi zangu.

Ambaye hakupita chuo cha Kurani huenda asielewe alichoniomba. Mwalimu wetu wa Kurani kule Mombasa hakuwa na haraka na mtu. Ulisoma ukurasa mpaka ukauhifadhi, halafu ukaenda kuketi mbele yake ukausema, naye amefumba macho. Ukibadili neno moja, hata kama maana imebaki ileile, alikurudisha mwanzo. Kusema kwa maneno yako mwenyewe hakukuwa werevu. Kulikuwa utovu wa adabu, kana kwamba wewe ni nani hata uongeze chako. Mtoto aliyefika mwisho bila kukosea alisifiwa kwa sentensi moja tu, na wazazi walilala na furaha: amesema neno kwa neno. Hivyo ndivyo nilivyofunzwa, na hivyo ndivyo nilivyomfunza mdogo wangu juzuu yake ya kwanza akiwa na miaka tisa, jikoni hapohapo. Mimi sijui njia nyingine ya kujua kitu. Sikuwahi kufundishwa nyingine.

Basi tukaanza. Kila asubuhi, nusu saa, yeye anasema na mimi nafuata kwa kidole kwenye karatasi. Maneno mengi sikuyajua, lakini kidole kilijua kama ameruka.

"Mwaka wa kwanza."

Mwaka wa kwanza mfalme anavishwa taji. Shughuli ni ndefu, mtoto amechoka, mwalimu wake anambeba mabegani kumtoa kanisani, na kiatu kimoja kinamdondoka katika umati. Babu yake amemwachia vita na Wafaransa ambavyo havishindiki na haviachiki. Baba yake amekufa kabla ya kuionja enzi. Nyuma ya kiti yuko ami yake, tajiri kuliko watu wote wa nchi, na nchi nzima inamtazama huyo ami na kusema: anamlea ili amle.

Nilimwambia arudie hapo. Akarudia.

"Mbona unanirudisha? Sikukosea."

"Rudia tu."

Mwaka wa pili na wa tatu ni kodi. Vita inataka kulishwa, na bunge la mabwana linabuni kodi ya kichwa. Nilipouliza maana, nilicheka, kwa sababu babu zetu walitozwa kodi ya jina hilohilo na wajukuu wa hao mabwana. Waliwafanyia watu wao kwanza. Sisi tulikuja kuletewa kitu kilichokwisha kujaribiwa. Na kabla ya hapo tauni ilikuwa imeua watu wengi mno, wafanyakazi wakawa wachache, wakaona wanaweza kudai ujira mzuri. Mabwana wakatunga sheria: hakuna kulipwa zaidi ya kabla ya tauni. Tauni imewaua watoto wako, na ujira wako usijue.

Hayo nilikwenda nayo kazini. Mashine iliyo jirani na yangu kiwandani anaishika Mkongo mmoja, mtu wa Bukavu, mwenye mdomo usiolala.

"Yaya, weye unaongeaka na nani huko?" aliniuliza siku moja. Kwao yaya ni kaka mkubwa. Nilikuwa nikisema mwaka wa tatu huku bawaba zinatoka.

"Na mfalme."

"Mfalme wa wapi?"

"Wa hapa. Wa zamani."

"Umuambie akuje atengeneze shofaji, tunakufa na baridi." Shofaji ndicho alichokiita kile kipasha joto kilichokufa tangu majira ya baridi yaliyopita. Nikamweleza ile sheria ya ujira. Alisikiliza, akapangusa mikono, akasema, "Basi ile sheria haikuishaka."

Mwaka wa nne ndio mrefu, na ndio uliotugombanisha. Kodi ya kichwa inarudi mara ya tatu, nzito kuliko zote, maskini na tajiri kwa kiasi kilekile.

"Kaka, nimelala masaa matano tu."

"Na wale walilala mangapi? Mwaka wa nne."

Alianza. Nikamkatiza.

"Umeruka neno. Hapa wamesema wanaume na wanawake."

"Nimesema watu. Si yaleyale!"

"Yangekuwa yaleyale mwenye kitabu angeandika watu. Rudi mwanzo."

"Wewe ndiye ungekuwa mtoza kodi," alisema, akarudi mwanzo, anacheka.

Wakulima wa majimbo ya kusini wanaamka, wanaufuata mji mkuu. Wanachoma hati kila wanapopita, maana hati ndizo zilizosema baba zao walikuwa watumwa wa shamba fulani na wao pia. Wanalifikia jumba la ami wa mfalme, zuri kuliko majumba yote, wanalichoma na kila kilichomo. Hawaibi. Aliyeficha chombo cha fedha kifuani wanamtupa motoni pamoja nacho. Kisha mfalme, sasa ana miaka kumi na minne, anapanda farasi kwenda kuwakabili, anawaahidi uhuru, makarani wanaandika barua za uhuru siku nzima, watu wanazikunja na kurudi makwao. Wakishafika makwao barua zinafutwa. Anawafuata na askari na mahakimu.

"Alikuwa mtoto," mdogo wangu alisema. "Alikuwa anaogopa. Wale wakubwa ndio waliomwambia afute."

"Aliahidi kwa mdomo wake."

"Angefanya nini, Kaka? Wangemuua."

"Angenyamaza. Kunyamaza hakumuui mtu."

"Wewe humpendi kwa sababu ni mfalme."

"Na wewe unampenda kwa sababu alipanda farasi."

Tulikwenda hivyo mpaka Machi. Mwaka wa tano mfalme anaoa binti wa mbali asiyekuja na chochote, na watu wananung'unika. Mwaka wa sita askofu anaongoza jeshi kwenda kupigania dini ng'ambo na kurudi na aibu. Mwanzoni mwa mwaka wa tisa jeshi linakwenda kaskazini kuwachapa Waskoti na halikuti mtu wa kuchapwa. Marafiki wa mfalme wanapewa vyeo, mabwana wanachukia. Na karibu na mwisho wa mwaka wa tisa, ami aliyesemwa muda wote kwamba anataka taji la mtoto wa nduguye, anapanda meli na kwenda Uhispania kutafuta taji lake mwenyewe. Hakuligusa la mtoto. Mwaka wa kumi, ami hayupo, mabwana wanamkaba mfalme bungeni, naye anawajibu kwamba kwa ombi lao hatamwondoa hata mpishi wa jikoni kwake. Hapo mlango unakwisha.

Siku aliyoisema miaka yote kumi bila kukosa neno, mwanzo mpaka mwisho, nilichelewa basi na sikujali. Nilimwambia amesema neno kwa neno. Alinikumbatia. Miezi ile sita ilikuwa mizuri kuliko yote tuliyoishi katika nyumba ile, na nimekuwa nikijaribu kuiandika bila uchungu, siwezi.

Aprili mwalimu wake wa historia alinipigia simu wakati wa mapumziko. Mwanamke mpole, anaongea haraka. Nilichoshika ni kwamba mdogo wangu ameandika insha yake kubwa, ile inayohesabiwa katika mtihani wa mwisho, kuhusu mfalme yule, na kwamba insha inalingana na kitabu neno kwa neno. Je, ningeweza kufika shuleni kesho saa tisa?

Neno kwa neno. Nilimshukuru mara tatu. Nadhani hakutarajia shukrani.

Chuoni mtoto akihitimu, mzazi haendi kwa mwalimu mikono mitupu. Jioni ile nilipita dukani kwa Msomali mmoja nikanunua halua, sanduku kubwa, ile nyekundu ya iliki yenye njugu. Niliiweka juu ya friji. Mdogo wangu aliingia akaiona.

"Ni ya nini?"

"Ya mwalimu wako. Amenipigia."

Aliganda pale na begi begani. "Kaka, kesho usije. Nitawaambia uko kazini."

"Niache kuja siku yako?"

Alilitazama lile sanduku muda mrefu. Nilidhani ni haya. Akapanda chumbani.

Angeweza kuniambia. Kila nikihesabu makosa yangu katika jambo hili, na ninayo, hilo nalirudia: alilala usiku mzima akijua ninachokiendea, na halua iko juu ya friji.

Chumba kilikuwa kidogo, chenye viti vya kijani. Alikuwepo mwalimu, na mkuu wa kidato cha sita, bwana mrefu mwenye sauti ya chini, na mdogo wangu, ambaye hakuinua kichwa. Niliweka sanduku mezani. Mwalimu alikuwa na karatasi mbili kando kwa kando, insha na kitabu, na karibu kila mstari ulikuwa umepakwa rangi ya manjano. Nikasema moyoni, tazama alivyompa alama.

Mkuu alianza kueleza polepole, kwa ajili yangu. Kwamba kompyuta ndiyo iliyogundua. Kwamba hili shuleni lina jina, nalo ni wizi. Insha inatakiwa iwe ya mwanafunzi mwenyewe, kwa mawazo yake, na hii si yake. Kama amefanya kwa makusudi, jina lake linapelekwa kwa watahini, na anaweza kufutwa katika somo zima. Chuo kikuu kilichokuwa kimemwahidi nafasi kilikuwa kimetaja somo hilo kwa jina. Bila historia, hakuna nafasi.

Nilisikia wizi. Mengine yalinifikia baadaye.

"Hakuiba," nilisema. "Ameihifadhi. Iko kichwani mwake. Mtu hawezi kuiba kitu kilicho kichwani mwake." Nikamgeukia. "Simama uwasomee."

"Kaka, basi."

"Wasomee mwaka wa nne. Wasikie kama kuna karatasi."

"Kaka, tafadhali, basi."

Hakusimama. Basi nikasoma mimi. Nilianza mwaka wa kwanza, taji na kiatu, kwa Kiingereza kilekile cha kitabu. Nikaingia wa pili bila kuvuta pumzi. Nilitaka waone kwamba nyumbani kwetu jambo linasomwa namna hii, kwa jasho, na kwamba hata mimi mpiga bawaba limeniingia. Mwalimu aliweka kalamu chini. Nilidhani nimewashika. Nilipofika mwaka wa tatu mkuu aliinua mkono, kwa upole, kama anavyosimamishwa mgonjwa.

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyemfanyisha hivi," alisema.

Ndipo nikaona nilichokifanya. Nilikuja kutoa ushahidi wa kumtetea mdogo wangu, na ushahidi ulikuwa wa kunifunga mimi. Lakini kwake mkuu ulikuwa kama mlango. Uso wake ulilegea kabisa. Alimgeukia mdogo wangu akamwambia, kwa sauti ya mtu anayemwonyesha mtoto njia ya kutokea: kama kuna mtu mzima nyumbani aliyekulazimisha kujifunza kwa namna hii, hili si kosa lako peke yako. Halitahitaji kwenda kwa watahini. Utaandika insha nyingine, hapa shuleni, chini ya mwalimu, kwa wiki tatu. Je, ndivyo ilivyokuwa?

Nilimtazama mdogo wangu, naye alitazama meza.

"Ndiyo," alisema. "Alinilazimisha. Kila asubuhi. Sikutaka." Kisha akaongeza: "Yeye hakusoma. Hajui."

Mkuu akanigeukia. "Bwana, ni kweli?"

Nilikuwa na maneno. Nilikuwa na asubuhi ya Oktoba na karatasi mezani na soksi. Ningeyasema, mkuu angelazimika kuamua nani mwongo, na mlango ule ungefungwa, na mtoto niliyemsuka nywele miaka kumi angekwenda kupiga bawaba kando yangu. Niliangalia mikono yake. Alikuwa amekunja vidole kama anavyofanya akiogopa, tangu siku ya mazishi.

"Ni kweli," nilisema. "Nilimlazimisha."

Waliandika. Karatasi ilisema kwamba mwanafunzi alipewa msaada usiofaa nyumbani na kwamba ingekuwa vyema afanye kazi zake mahali pengine hadi mitihani iishe. Nilitia sahihi. Nilipoinuka mwalimu alinirudishia sanduku kwa mikono miwili. Alisema shule haipokei zawadi, hasa katika mazungumzo ya aina hii, na aliona haya kunieleza kwa nini. Nilielewa njiani. Walidhani ilikuwa rushwa.

Kwenye basi tulikaa kiti kimoja.

"Ilibidi," alisema.

"Najua."

"Umekasirika?"

"Sikukasirika."

Kesho yake nilipeleka halua kazini. Yule Mkongo alikula vipande vitano. "Yaya, iko ya harusi ya nani?" Nikamwambia ni ya mtu aliyehitimu. Akasema Mungu amubariki, akachukua cha sita.

Karatasi ile ilifika kwa mama mdogo kabla ya wiki kwisha. Mdogo wangu alimwonyesha mwenyewe, akitafuta mahali pa kusomea. Mama mdogo alikuja Saltley na koti la kazi bado mwilini. Hakuketi.

"Tulisema," alisema. "Tulisema toka mwanzo. Mtoto si kasuku."

"Aliniomba, mama mdogo."

"Kila mfunga kasuku husema kasuku kaomba tundu."

"Muulize."

"Nimemuuliza. Na wewe umetia sahihi. Au sahihi nayo ulilazimishwa?"

Mdogo wangu alikuwa juu akikunja nguo, na nyumba zetu hizi kuta zake ni nyembamba. Alisikia kila neno, na hakushuka mpaka begi lilipokuwa tayari. Walikwenda Great Barr. Kaunsili waliandika baadaye kuuliza ni wangapi tunaoishi mle, nikajibu ukweli, nikahamishiwa chumba kimoja Aston, karibu na kiwanja cha mpira, ambapo siku za mechi huwezi kufungua mlango kwa watu. Ndivyo lilivyokufa lile neno la kwamba naitaka nyumba. Sikumsikia hata mmoja wa waliolisema akilifuta.

Aliandika insha nyingine, sijui ya nini. Alifaulu. Siku ya matokeo alinipigia jioni. Asubuhi alikuwa na mama mdogo na rafiki zake. Chuo kikuu kilimpokea, na anasoma historia hadi leo, mwaka wa pili. Kulikuwa na fomu moja ya kuthibitisha kwamba hana baba wala mama, na ilitaka sahihi ya mtu mwenye taaluma anayemfahamu vizuri. Mpiga bawaba si taaluma. Alisaini mwalimu wa historia.

Aliwahi kunieleza, siku zile za jikoni, kwamba wale wakulima wa mwaka wa nne hawakuacha kitabu. Wengi hawakujua kuandika. Karibu yote tunayojua juu yao yaliandikwa na watawa waliowachukia, na mwanafunzi mzuri wa historia inampasa akumbuke hilo anaposoma. Nilipenda alivyolisema. Hiyo ni sehemu ya sababu nimekaa kuandika haya, kwa lugha ambayo sijui kama ataisoma.

Idi iliyopita nilikwenda Great Barr. Sebule ilijaa, watoto wanakanyagana, sinia za biriani chini. Rafiki zake wawili wa chuo walikuwepo, na mmoja alimuuliza alianzaje kupenda historia. Mdogo wangu akacheka, akaketi sawasawa, kama mtu anayejua hadithi yake inapendwa. Aliwasimulia kaka yake aliyemshikisha kitabu kizima kwa ghibu, alfajiri kwa alfajiri, akimrudisha mwanzo kwa kila neno, na yeye analia kwa usingizi. Aliniigiza sauti. Aliigiza vizuri. Watu walicheka, mama mdogo akacheka huku akinitazama, na mimi nilicheka kidogo, maana ilikuwa Idi.

Nilimsubiri jikoni alipokuja kuchukua maji.

"Hukulia," nilimwambia. "Hata siku moja. Na sikukulazimisha. Wewe ndiye uliyeniomba."

"Nilikuomba nini?"

"Nikusikilize. Ulileta karatasi mwenyewe. Ulisema kama Juzuu Amma."

Alisimama na jagi mkononi, akafikiri kweli, kwa bidii, paji la uso limekunjamana kama alipokuwa akitafuta neno lililopotea. Nilingoja. Ningengoja hapo mpaka kesho.

"Sikumbuki, Kaka," alisema, safari hii kwa Kiswahili. "Wallahi sikumbuki."

Nilimtazama vizuri usoni, na niliona kwamba hadanganyi.